Mgeni wa Siku Mbili: Miji ya Ujerumani katika Maandishi ya Safari, Yakisomwa kutoka Unguja

Katika fasihi ya safari iko aina moja ya kitabu ambayo wahakiki wa Kiswahili wameipita kando, ingawa yagusa lugha yao na kisiwa cha Unguja kuliko inavyodhaniwa. Ni kitabu kinachomwongoza msafiri apendaye watu wa jinsia yake: mji upi utampokea, mtaa upi atembee jioni, nyumba ipi alale bila kuulizwa maswali, na mahali gani ajihadhari. Ujerumani ni kama nyumbani kwa kitabu hicho. Mwaka 1928 Ruth Margarete Roellig alitoa kitabu kidogo juu ya mabaraza ya wanawake wa namna hiyo katika Berlin, nacho kilitanguliwa na dibaji ya tabibu Magnus Hirschfeld. Mwaka 1931 Curt Moreck, ambalo ni jina la kalamu la Konrad Haemmerling, akatoa mwongozo wa Berlin ya maovu, neno maovu akilitia katika alama za mtajo ili msomaji ajue kwamba mwandishi hakubaliani nalo. Baadaye, mwaka 1970, ulianzishwa mwongozo wa dunia nzima uitwao Spartacus, ambao tangu miaka ya 1980 ulichapwa Berlin na nyumba ya Bruno Gmünder, mpaka simu za mkononi zilipouondolea faida uchapaji wa karatasi.

Swali la uhakiki ni hili: je, kitabu cha namna hiyo chasomeka kutoka Mji Mkongwe? Na kama Kiswahili kingetaka kuandika cha kwake, kimwambie mtu wa Unguja apange vipi siku chache za matembezi katika mji wa Ujerumani utakaompokea kama alivyo, kingetumia maneno gani? Wala swali hili si la mchezo. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lilirekebisha sheria ya adhabu, na safari hiyo sheria ikawataja na wanawake pamoja na wanaume. Mwezi wa Novemba 1918 ulikuwa mwisho wa vita vya Wadachi. Novemba 2018 ilikuwa habari nyingine, kwani wanaume 10 walikamatwa Pongwe, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa kushukiwa tu kwamba wamekusanyika kwa arusi ya wanaume wawili. Msomaji wa kitabu hicho, basi, yuko. Asichokuwa nacho ni kitabu.

Kipimo kizuri cha kuyapimia maandishi haya kimo katika mithali ijulikanayo na kila mtu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwongozo wa msafiri umeandikwa kwa ajili ya mgeni wa siku mbili. Humjulisha mwenyeji anayecheka, kitanda kilichotandikwa na kinywaji kilichopoa. Juu ya jembe haukusema neno. Maandishi ya watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliokwenda Ujerumani, kinyume chake, takriban yote ni ya wageni wa siku ya tatu. Huko ndiko iliko tofauti kubwa kati ya aina mbili hizi, nayo ni kubwa kuliko tofauti ya lugha au ya dini.

Mwongozo wenyewe, ukitazamwa kama maandishi, una ufundi wake. Hauna visa wala mhusika. Una majina ya mahali, saa za kufungua, na herufi. Herufi hizo ndizo zistahilizo kuangaliwa na mwanalugha. Spartacus iliweka baada ya kila jina la mahali mfuatano wa herufi za mkato, na mwanzoni mwa kitabu ufunguo wake kwa lugha kadhaa za Ulaya. Asiye na ufunguo huona alama tupu. Mkato mmojawapo, AYOR, maana yake ni kwamba mwenye kwenda huko huenda kwa dhamana yake mwenyewe. Hapo ndipo mwongozo uliposema kweli kuliko popote pengine, kwani kwa herufi nne ulikiri kwamba haumlindi mtu. Sehemu zilizobaki zimejaa sifa, na sifa zikizidi hulingana mpaka mji mmoja usitambulikane na mwingine. Berlin ina Nollendorfplatz na Motzstraße. Hamburg ina mtaa wa St. Georg na barabara ya Lange Reihe. Köln ina maandamano yake makubwa mwanzoni mwa Julai. München ina Glockenbachviertel karibu na mto Isar. Msomaji akimaliza kurasa hizo hudhani kwamba miji minne hiyo ni mji mmoja wenye vituo vinne vya gari moshi.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba mwongozo hauna kumbukumbu. Hakuna kitabu kinachooza upesi kama hiki. Roellig na Moreck waliandika kana kwamba milango waliyoitaja ingekaa wazi daima. Haikupita miaka miwili baada ya kitabu cha Moreck ila baraza mashuhuri la Eldorado lilikuwa limefungwa, na tarehe 6 Mei 1933 taasisi ya Hirschfeld, iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1919 karibu na bustani ya Tiergarten, ikavamiwa na kuporwa, na siku chache baadaye vitabu vyake vikachomwa moto hadharani. Kifungu cha 175 cha sheria ya Ujerumani, kilichokataza mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume tangu mwaka 1871, kilikazwa mwaka 1935, na baada ya vita Ujerumani ya Magharibi ikakishika vilevile kilivyokazwa, hata wanaume wapatao 50,000 wakahukumiwa kwacho kabla ya kulegezwa mwaka 1969. Kilifutwa kabisa mwaka 1994. Ndoa ya watu wa jinsia moja iliruhusiwa tangu tarehe 1 Oktoba 1917? La: ni 2017, na ni vema msomaji ashtuke kidogo kwa tarehe hiyo, kwa maana mji unaotangazwa leo kuwa mkarimu tangu kale umeupata ukarimu huo ndani ya umri wa mtu mmoja. Mwongozo ulioandikwa kwa haki ungeanza na tarehe hizi, kisha ndipo utaje vinywaji.

Wala hautaji jambo ambalo kwa mtu wa Unguja ndilo la kwanza, yaani viza. Mwongozo humwambia msafiri kwamba mjini hatajulikana na mtu, na kwamba kutojulikana ndiko raha yake. Lakini mwenye hati ya safari ya Tanzania, kabla hajaiona Berlin, ameshajulikana: ameeleza ubalozini Dar es Salaam sababu ya safari, mahali atakapolala, mapato yake, na nani amemwalika, ameonyesha bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na amehesabiwa siku zake, zisizozidi 90 katika kila siku 180. Mjerumani hushuka uwanja wa ndege wa Kisauni, akalipa ada yake, akaenda zake Nungwi au Paje. Njia ni moja, lakini kuiendea na kuirudia si mamoja. Kitabu kinachowaandikia wote wawili kama msafiri mmoja kimeandikwa kwa ajili ya mmoja wao tu.

Yafaa sasa kuyatazama maandishi ya upande wa pili. La kwanza kwa Kiswahili ni la Amur bin Nasur, aliyefundisha lugha hii katika Chuo cha Lugha za Mashariki huko Berlin kuanzia mwaka 1891 hata 1895, na ambaye habari zake zilichapwa na C. G. Büttner mwaka 1894 katika mkusanyo wake wa fasihi ya Waswahili. Ni mtangulizi wa kila aandikaye juu ya mji wa Ujerumani kwa Kiswahili, na kwa sababu hiyo amesamehewa mengi. Ukweli ni kwamba alikaa miaka kama mgeni wa siku ya tatu, jembe mkononi, lakini akaandika kama mgeni wa siku mbili. Ameorodhesha maajabu ya mji mkuu. Moyo wake mwenyewe ameuweka nje ya ukurasa. Hapana budi kukumbuka kwamba aliandika kwa watu waliomlipa, na kwamba wasomaji wake wa kwanza walikuwa Wajerumani wenye kujifunza Kiswahili ili waje kutawala Bara. Maandishi ya namna hiyo hayawezi kuwa na siri. Hata hivyo unyamavu wake si woga tu. Ni adabu ya msafiri wa pwani, asemaye alichokiona na kusitiri alichokihisi. Adabu hiyo itarudi kutajwa mbele.

Sayyida Salme, aliyeitwa baadaye Emily Ruete, ni mwandishi wa daraja nyingine. Alizaliwa Bet il Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, binti wa Sayyid Said. Akampenda Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake mjini. Na Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza Highflyer kwenda Aden, ambako tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa na kuolewa siku moja. Yasimuliwa kwamba usiku wa kutoroka ulikuwa usiku wa Mwaka, watu wakienda pwani kuoga, hata mwanamke akiteremka ufukweni asionekane ajabu. Mwaka Kogwa wa Makunduchi siku hizi huangukia Julai, kwa kuwa kalenda yake ya siku 365 haina siku ya nyongeza na hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Ukihesabu hata 1866 waufikia mwisho wa Agosti barabara. Jambo hilo ni dogo, walakini laonyesha kwamba mpango wa safari ya mtu ampendaye asiyeruhusiwa ulitungwa Unguja, kwa kalenda ya Unguja, miaka zaidi ya 100 kabla ya kuwapo Spartacus yoyote.

Itasemwa kwamba Salme alimpenda mwanamume na kwa hiyo hahusiki. Hoja hiyo haina uzito. Sheria iliyomtia hatarini haikuwa ile ihusuyo jinsia, bali hatari ilikuwa ileile, na alichokitafuta Hamburg ndicho kitafutwacho na msomaji wa mwongozo: mji ambamo watu wawili wataishi nyumba moja bila ya kuuawa. Thamani yake katika uhakiki huu ni kwamba aliupata mji huo kisha akaeleza kilichofuata. Kumbukumbu zake za mwaka 1886 ndizo mashuhuri, nazo zimesomwa sana kwa ajili ya nyumba ya Mtoni na maisha ya ndani. Lakini zina kasoro ya kuandikwa kwa wasomaji wa Kijerumani, na mwandishi hujitetea humo kila ukurasa, hata akautetea utumwa kwa maneno yasiyoweza kukubalika. Kazi bora ni ile Barua, aliyoiacha katika karatasi zake na ambayo haikufika mikononi mwa watu mpaka E. van Donzel alipoitoa kwa Kiingereza mwaka 1993. Humo humwandikia rafiki wa Zanzibar asiyetajwa jina. Hapana wa kumridhisha. Baridi inaingia mifupani, milango ya nyumba za jirani imefungwa, macho ya watu yanamfuata kila aendako kana kwamba ni mnyama aliyeletwa kuonyeshwa. Na baada ya Agosti 1870, mumewe alipokufa kwa ajali ya gari la farasi, mji uliompokea mke wa Ruete haukujua la kufanya na mjane wake mwenye watoto watatu. Akahama: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Akafundisha Kiarabu ili ale. Kakake Sultani Barghash alikataa kumpa urithi wake, na alipoletwa Zanzibar mwaka 1885 pamoja na manowari za Kijerumani aliletwa kama karata katika mchezo wa Bismarck, si kama binti arudiye kwao.

Kwa hivyo Barua ndicho kitabu cha siku ya tatu. Mwongozo husema: mji utakupokea. Salme ajibu kwamba kupokewa ni jambo la mlangoni, na kwamba kuna vyumba vingi baada ya mlango. Ndani ya Kiswahili tofauti hiyo imo katika neno lenyewe. Mwenyeji ni mwenye mji. Asiye na mji wake hawezi kumkaribisha mwingine, na katika Hamburg ya Barua kuna wakazi wengi, lakini mwenyeji ni mmoja tu, naye amekufa.

Mfano mchungu zaidi si wa mtu wa Unguja bali wa Dar es Salaam, na wasomaji wa jarida la lugha hawana haki ya kuusahau. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa mwaka 1904, alifundisha Kiswahili Berlin katika miaka ya 1930, akaigiza katika sinema, akaoa huko. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya mapenzi na mwanamke wa Kijerumani, kosa ambalo Wanazi waliliita kuichafua damu, akafungwa kambini Sachsenhausen, akafa huko tarehe 24 Novemba 1944. Katika kambi hiyohiyo wanaume waliovishwa pembetatu ya waridi kwa kifungu cha 175 walikufa kwa mamia. Hawa na yule mwalimu wa Kiswahili wastahili kuwekwa katika ukurasa mmoja. Pembetatu yao imekumbukwa kwa bamba ukutani Nollendorfplatz tangu 1989, na kwa mnara katika Tiergarten tangu 2008, na miongozo huyataja yote mawili. Jiwe dogo la Husen katika Brunnenstraße halitajwi. Ingekuwa mwongozo umeandikwa kwa Kiswahili, ingekuwa aibu kuliacha.

Kuna mzaliwa mwingine wa Mji Mkongwe ambaye jina lake hutajwa mara tu Unguja, Ujerumani na mapenzi ya namna hii yanapokutana. Farrokh Bulsara, aliyekuja kuitwa Freddie Mercury, alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Kiparsi. Kuanzia mwaka 1979 alirekodi München, chini ya jengo la Arabella, na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 aliishi huko vipindi virefu. Yasemwa na wote waliomwandika kwamba aliupenda mji huo kwa kuwa aliweza kutembea bila kusumbuliwa. Hakuacha kitabu cha safari, na mhakiki hana cha kuhakiki ila nyimbo, ambazo si kazi ya makala haya. Itoshe kutaja mambo mawili ambayo miongozo ya München, yenye kulitumia jina lake kama tangazo, huyapita. Kwanza, kifungu cha 175 kilikuwa bado katika vitabu wakati wote aliokaa huko. Pili, mwaka 1987, serikali ya Bavaria ilitoa amri kali juu ya ukimwi, pamoja na kulazimisha kupimwa waliotuhumiwa kuwa na ugonjwa huo. Yeye alikuwa ameshaondoka, na ndio ugonjwa uliomwua London Novemba 1991. Na kwao Unguja, mwaka 2006, sherehe iliyokusudiwa kufanywa kwa kutimia miaka 60 tangu azaliwe ilivunjwa kwa upinzani wa jumuiya ya Uamsho. Tangu mwaka 2019 iko Shangani nyumba ya makumbusho yake, na wageni hulipa kuingia. Mgeni wa siku mbili amepata pake. Aliyezaliwa mtaani hapo akafanana naye bado hana.

Hata hapa imezungumzwa juu ya miji. Shida iliyo ngumu zaidi ni ya maneno, na historia yake ina kejeli. Mwaka 1899, wakati Amur bin Nasur ameshaondoka Berlin, jarida la elimu ya makabila la mji huohuo lilitoa kurasa chache juu ya mapenzi ya jinsia moja katika Zanzibar, kutokana na habari za Oscar Baumann, balozi mdogo wa Austria na Hungaria mjini Unguja, mtu yule aliyeandika juu ya visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Kurasa hizo zimejaa Kiswahili. Mna hanisi, kwa s badala ya th, mna mke-simume, mna kusagana, na mengine yasiyohitaji kurudiwa. Watu wenyewe hawana jina wala usemi humo. Wameelezwa kama vielelezo vya maradhi, na hukumu ya mwandishi imetangulia ushahidi wake. Lakini tokeo lake ni la ajabu: miaka miwili baada ya Hirschfeld kuanzisha kamati yake ya kupigania kufutwa kwa kifungu cha 175, Berlin ilikuwa imeshapata maneno ya Unguja. Unguja haijapata maneno ya Berlin mpaka leo.

Maneno iliyo nayo yatazamwe moja moja. Hanithi limetoka Kiarabuni, na Oman lina maana ya mtu wa hali fulani katika jamii, kama alivyoonyesha Unni Wikan mwaka 1977 na kujibiwa na Gill Shepherd mwaka uliofuata. Katika Kiswahili limechanganyika na maana ya asiyeweza tendo la ndoa, na siku hizi ni tusi tupu. Mke-simume ni neno lililoundwa kwa ustadi wa sarufi, jina na ukanushi vimefungwa pamoja, lakini humwambia mtu asivyo, halimwambii alivyo. Msagaji limetokana na kusaga, na hapa Kiswahili kimefuata picha ileile ya Kiarabu, ambacho nacho hulitaja jambo hilo kwa mzizi wenye maana ya kuponda. Ni neno la kitendo, na hakuna mtu apendaye kuitwa kwa kitendo chake cha faragha. Wapenzi wa jinsia moja ni msemo wa ofisini. Wafaa katika sheria na magazeti, lakini hauwezi kusemwa kwa pumzi moja mbele ya meza ya mapokezi ya hoteli, na hapo ndipo mwongozo hutumika.

Limebaki shoga. Neno hili lina maisha mawili, na kamusi huyataja yote. Wanawake wa Unguja huitana shoga yangu kwa mapenzi na heshima, tangu jadi hata asubuhi ya leo Darajani; na lilelile, akiitwa mwanamume, ni fedheha. Mjerumani naye ana neno lake, schwul, lililokuwa tusi la mtaani, na katika miaka ya 1970 wale waliotukanwa kwalo walilishika wakajiita wenyewe, hata mwaka 1985 likawekwa katika jina la jumba la makumbusho la Berlin, Schwules Museum. Wako watu wanaodhani kwamba shoga lingeweza kufuata njia hiyohiyo. Dhana hiyo haikupima vizuri. Schwul lilianza na tusi likapanda. Shoga lilianza na upendo, likateremshwa kwa upande mmoja wa jamii tu, na upande wa pili haukuteremka nalo. Neno halina haja ya kukombolewa na yeyote. Wanawake wa Unguja hawakuliacha litekwe. Kinachotakiwa ni kulirudisha lilikotoka, na hilo ni jambo jingine, huenda ni jepesi kuliko lile la Kijerumani.

Na kuhusu sifa ya mji wenyewe, ule ambao Ulaya huusifu kwa urafiki wake na watu hawa, tafsiri zilizo rahisi zote zina upungufu. Mji rafiki si Kiswahili. Mji usiobagua ni sifa ya kukanusha. Mji mkarimu ni sahihi, lakini ukarimu ndio hasa jambo la siku mbili. Neno lililo karibu zaidi na haja ni sitara. Wageni wengi hulifasiri kuwa ni kuficha, wakalilaumu, wakidhani kwamba mtu aliyesitiriwa amenyamazishwa. Kwa mwenye lugha sitara ni paa pia: nguo mwilini, ukuta wa nyumba, jirani aliyeona akanyamaza kwa wema. Amur bin Nasur aliandika kwa sitara. Salme alitafuta sitara akapewa kutazamwa. Tena zile herufi za Spartacus, na ufunguo wake mwanzoni mwa kitabu, ni nini ghairi ya sitara? Walioandika kwa mkato walikuwa wakifanya kwa alfabeti kile ambacho mji wa pwani hukifanya kwa adabu. Hoja kwamba Ulaya ina uwazi na pwani ina usiri haisimami mbele ya vitabu vyenyewe.

Hatari ya neno hilo nayo itajwe. Sitara hupewa mtu na wengine, na atoaye aweza kuondoa. Sheria ya 2004 na kukamatwa kwa watu wa Pongwe ni kuondolewa kwa sitara kwa mkono wa serikali. Mji wa Ujerumani una kitu ambacho sitara haina, yaani sheria ambayo mgeni aweza kuishika mkononi akadai. Mwongozo wa Kiswahili ungelazimika kuyataja yote mawili, na kumweleza msomaji lipi atalipata kwa siku mbili na lipi halipatikani ila kwa jembe.

Mfasiri wa Barua za Salme kwa Kiswahili atakutana na shida hii mapema kuliko mtunga mwongozo, katika mstari wa kwanza wa barua ya kwanza, pale anapoitwa yule rafiki asiye na jina. Ikiwa ni mwanamke, kama ielekeavyo, basi binti wa Mtoni akimwandikia mwenzake wa mjini kwa lugha yao hangemwita kwa neno jingine ila shoga yangu, na mfasiri hana sababu ya kuliogopa.